Mwalimu wa Fizikia na Jua la Jikoni

Mwalimu wetu wa fizikia aliogopa jua kuliko mtu yeyote niliyewahi kuona, na sidhani Eldoret nzima kulikuwa na mwingine aliyelipigia hesabu kila siku kama yeye. Sisi tukitoka nje saa nne kujianika ukutani kama mijusi, yeye alipita na mwavuli mweusi, kofia ya sufu imevutwa hadi masikioni, na koti juu. Akifika uwanjani anaweka kipimajoto kwenye nyasi, anarudi kivulini mbio, halafu anakitazama kwa mbali kama mtu anayemchunga mbwa wa jirani.

Siku moja nilimwuliza, "Mwalimu, wewe na jua mna shida gani? Si ni rafiki yako?"

"Daktari wa meno," akasema, "hakai na mdomo wazi."

Darasa lilinitazama nicheke, nikacheka. Lakini sikuelewa, na hadi leo sielewi. Mtu huyo alikuwa hivyo. Unamrushia mzaha, anaudaka, anaurudisha ukiwa umegeuka kitu kingine, na wewe unabaki umesimama hapo hujui kama umepigwa ama umepewa zawadi.

Nyuma ya maabara, pembeni mwa uwanja wa mpira, alikuwa na dishi. Ni lile dishi la zamani la runinga, kubwa kama paa la banda la kuku, ambalo hoteli moja mjini ilikuwa imelitupa. Alilibandika vipande vya kioo ndani, kimoja kimoja, muhula mzima, na gundi ikamkaukia vidoleni hadi akawa anashika chaki kama mtu aliyevaa glavu. Vioo tuliamriwa kuvileta sisi: kikivunjika nyumbani kwenu usitupe, leta shule. Mimi nilileta cha shangazi yangu. Kilikuwa bado hakijavunjika vizuri, nikakisaidia njiani.

Kazi ya dishi, kama nilivyoielewa mimi, ilikuwa kuchukua jua lote lililoangukia mle ndani na kulitupa mahali pamoja, pale juu penye chuma cha kuning'inizia sufuria. Pale mahali palikuwa noma. Nilijua kwa sababu nilipeleka mkate wangu wa saa nne pale niuchome kidogo, nikageuka kuongea na watu, niliporudi nikakuta mkaa. Nyuma yangu nikasikia mwavuli ukifungwa.

"Umechukua sekunde ngapi?" Mwalimu akauliza.

"Nini, Mwalimu?"

"Mkate. Kutoka mkate hadi hilo."

"Sijahesabu."

Nilipewa adhabu ya kufagia maabara wiki nzima. Si ya kuchoma mkate. Ya kutohesabu. Nilipomweleza shangazi, alisema hiyo shule ina watu wagonjwa.

Sasa, kitu kilichonichanganya zaidi ni kwamba dishi lilikuwa tayari, jua lilikuwa pale bure, na yeye hakuweka sufuria. Aliandika. Alikuwa na madaftari matatu yenye kurasa za miraba, na kila moja lilikuwa la mwizi mmoja wa joto. Daftari la kwanza lilikuwa la upepo, kwa sababu upepo wa kwetu saa nane mchana unaweza kukupora hata joto la kwapa. La pili lilikuwa la mawingu na vumbi. La tatu, nene kuliko yote, lilikuwa la mnururisho, yaani lile joto ambalo kitu chenye moto hulitupa hewani bila kuguswa na mtu, kama taa isiyoonekana.

"Hata wewe hapo ulipo unatoa mnururisho," aliniambia darasani.

Nikamwambia jirani yangu wa dawati asogee, asije akaungua. Darasa likacheka. Mwalimu akangoja kicheko kiishe, akiwa ameangalia saa yake, kisha akaandika kitu kwenye daftari la upepo. Tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena. Aliniita Upepo. "Upepo, kaa chini." "Upepo, jibu swali la nne." Nilidhani ni sifa mpaka nilipokumbuka ni mwizi wa kwanza.

Siku nyingine nilimwuliza kile kila mtu alitaka kumwuliza. "Mwalimu, si uweke tu sufuria uone kama itachemka? Hesabu zote za nini?"

"Nikiweka na isichemke, nitajua kwa nini?"

"Na ikichemka?"

"Basi nimebahatika. Jikoni si mahali pa bahati, Upepo. Watoto mia nne wanakula saa saba."

Alikuwa na misemo yake, na aliirudia bila aibu. Joto halina adabu, alisema. Halibishi hodi, likiona aliye baridi kuliko lilipo, linahamia kwake. Ukiacha mlango wa maabara wazi asubuhi ya Julai, alipiga kelele, "Funga! Unampashia nani moto, watu wa Ainabkoi?" Ukimletea jibu la hesabu bila kuonyesha kilichopotea katikati alikurudishia karatasi: "Sitaki ulichopata. Niambie kwanza umepoteza nini." Na ule alioupenda kuliko yote: kinachopokea vizuri ndicho kinachotoa vizuri. Tuliuandika kwenye daftari mara tatu. Mimi mara zote tatu nilikuwa nachora kofia yake.

Alisema pia, na hii aliisema mbele ya walimu wenzake, "Mimi sina huruma. Nina hesabu." Na ukimtazama ungeamini. Hakuwahi kumsamehe mtu hata nusu alama. Lakini saa saba, walimu wengine wakiletewa chakula ofisini, yeye alienda kula jikoni. Jikoni kwetu ni chumba cha mabati kisicho na dirisha la maana, meko matano, kuni mbichi, na moshi ambao ukiingia na sweta safi unatoka umekuwa nyama ya kukausha. Alikaa humo kwenye kigoda, machozi yakimtiririka kwa moshi, sahani magotini, daftari juu ya sahani.

Mwenye jikoni alikuwa Mama Jikoni. Amepika shuleni tangu kabla sijazaliwa, ana mikono isiyosikia moto, na ana kikohozi. Si kikohozi cha mafua. Ni kile kinachoanza mbali, kinakuja kama lori linalopanda mlima, na likifika juu anashika ukuta. Kliniki walimwambia wazi: kifua hiki na moshi haviwezi kukaa nyumba moja mwaka mwingine. Yeye akatuambia sisi tuliokuwa tunapanga foleni, "Wameniambia niache moshi. Sawa. Na nikiacha moshi nitakula nini, hewa?" Tukacheka. Alitaka tucheke.

Siku moja niliiba daftari la tatu nimchoree Mwalimu masharubu. Nikakuta ukurasa una safu za kawaida, saa, joto la nje, joto la ndani, halafu safu moja ya mwisho imeandikwa K juu, na chini yake vijiti vijiti. Jumatatu vijiti kumi na tisa. Jumanne ishirini na sita. Nikadhani K ni kasi. Nilipolirudisha, kwa sababu nilishikwa, nikamwuliza.

"Kikohozi," akasema.

"Cha nani?"

Alinitazama kama nimeuliza jua linatoka upande gani. "Hasara ya jikoni," akasema, akachukua daftari lake. Masharubu hakuyaona, ama aliyaona akayaacha. Sijui mtu asiye na huruma anahesabuje kikohozi cha mtu mwingine kila siku kwa muhula mzima. Labda ndivyo wanavyofanya. Sijui.

Basi hesabu zikaisha. Alitangaza kwenye gwaride, mwavuli mkononi, kwamba sufuria ya lita ishirini itachemka kwa dakika arobaini, na akatuonya tusingoje mia kwenye kipimajoto kwa sababu huku kwetu juu maji yanachemka yakiwa tisini na tatu hivi. Bodi ya shule ilikuwa inakutana wiki hiyo. Mwenyekiti wake alikubali: kama chai itachemka mbele yao, watatoa pesa dishi lisimikwe jikoni pamoja na mengine mawili, na kuni ziachwe. Isipochemka, liondolewe uwanjani, linazibia watu goli. Na siku hiyohiyo bodi ilikuwa iamue kama Mama Jikoni ataongezewa mkataba ama aende nyumbani, maana wengine walikuwa wanasema amezeeka na anakoholea chakula. Haya yote shule nzima iliyajua. Kwetu hakuna siri, kuta ni za mabati.

Sufuria yenyewe Mwalimu aliipaka nyeusi kwa nje na rangi ya ubao iliyobaki bohari, ile isiyong'aa. Jioni ya kuamkia mkutano aliibeba hadi jikoni, akamwambia Mama, "Ioshwe vizuri. Wageni watakunywa chai yake." Akaenda zake, mwavuli ukiwa juu ingawa jua lilishazama.

Mimi nilikuwa jikoni kwa adhabu, si ya mkate, nyingine. Wageni wakija shule yetu mawe yanapakwa chokaa, nyasi zinafyekwa, hata mbwa wa mlinzi anafichwa. Mama Jikoni alikuwa na sheria yake: mgeni huonja sufuria kwa macho kabla ya kuonja chai. Kwake sufuria yenye masizi matakoni mbele ya wageni ni sawa na kutoka nje bila nguo. Aliigeuza ile sufuria, akaona ule weusi.

"Ngai! Huyu mwalimu ameunguza sufuria yote hivi halafu analeta kwa wageni?"

"Ni rangi, Mama," nikasema.

"Rangi gani ya hivi? Shika waya hapo. Shika majivu. Sugua mpaka nijione."

Nilikumbuka kitu. Nasema ukweli, nilikumbuka kidogo, kama mtu anayekumbuka wimbo bila maneno, kwamba huo weusi ulikuwa umezungumziwa darasani na mimi nilikuwa nachora kofia. Ningeweza kuuliza. Badala yake nikafanya mzaha, nikasema tukiitakatisha sana Mwenyekiti ataitumia kunyolea ndevu. Mama akacheka hadi lori likapanda mlima, akashika ukuta. Tukasugua wawili, yeye upande wake mimi wangu, saa nzima na zaidi. Ilipoisha ilikuwa imeng'aa kama mwezi. Mama alijiona ndani yake, akapanga kitambaa chake cha kichwa.

Asubuhi jua lilikuja zuri, hakuna wingu. Sufuria ilikuja imefunikwa na kitambaa cha mezani, imebebwa na Mama mwenyewe, amevaa aproni mpya. Mgeni wa heshima, mama mmoja wa ofisi za elimu, alipoona kitambaa kinatolewa alipiga makofi. "Jamani! Jikoni ya shule gani ina sufuria kama hii? Huyu mama apewe pongezi." Bodi yote ikapiga makofi. Mama Jikoni akainama, akasimama wima, na siku hiyo nilimwona mrefu.

Mimi nilikuwa namwangalia Mwalimu. Alikuwa amefika na madaftari yake matatu kwapani. Aliitazama sufuria. Nilijua uso wake wa kukasirika, nilijua wa kuchoka, nilijua ule wa kungoja kicheko kiishe. Huu sikuujua. Alifungua mdomo, akamtazama Mama, akaufunga. Kisha akageuza dishi likaelekea jua.

Kilichofuata kilikuwa kichekesho, na ningecheka kama si mimi niliyesugua. Jua lilipanda kwenye vioo, likaenda kwenye sufuria, na sufuria ikalirusha kwetu. Mwenyekiti wa bodi akaziba macho na ajenda. Mgeni wa heshima akahamisha kiti mara tatu na mwanga ukamfuata. Watu wote walikaa wameinamisha vichwa kama kwenye maombi. Dakika arobaini zikafika. Mwalimu akaingiza kipimajoto.

"Arobaini na nne," akasema.

Walipewa chai hivyohivyo, vuguvugu, majani yanaelea juu. Mwenyekiti akauliza kwa upole, ule upole wa mtu aliyeshinda, "Mwalimu, shida ni nini?"

"Hesabu zangu," akasema Mwalimu. "Zilikuwa na kosa."

Mama Jikoni aliongezewa mkataba miaka miwili. Dishi likaegeshwa nyuma ya bohari. Kuni zikaletwa lori zima.

Mimi sikuelewa chochote. Alijua. Mtu ambaye hajawahi kusamehe nusu alama alisimama mbele ya watu akasema uongo juu ya hesabu, kitu pekee alichokuwa akikiheshimu. Wiki mbili baadaye akatupa mtihani, na swali la saba lilikuwa hivi: eleza kwa nini chombo cheusi kisichong'aa hupata joto upesi juani kuliko chombo kilichong'arishwa. Niliandika jibu lote, kwa mara ya kwanza bila kuangalia kwa mtu. Maswali mengine yote nilianguka. Kwenye swali la saba aliweka vema, alama mbili, akaandika "Sahihi." Basi. Nililitazama hilo neno kama wiki. Alijua ni mimi? Lilikuwa swali la kila mtu ama langu? Nilitamani angenichapa nijue tulipofika.

Mwisho wa muhula alistaafu. Hatukumfanyia sherehe, alikataa, alisema keki ni hasara.

Nilimwona tena likizo hii ya Aprili. Shangazi huuza viazi sokoni mjini na huvinunua Timboroa, nami nilipelekwa nikabebe. Timboroa saa tatu asubuhi ni ukungu tu. Unasikia ng'ombe kabla ya kumwona. Kwenye lango la shamba moja alikuwa mzee amesimama kati ya magunia, kofia ya sufu, koti, na mwavuli umefungwa. Kati ya mahali pote duniani, mtu wa jua alikuwa amestaafia kule ambako jua huja kama mgeni.

"Upepo," akasema, kabla sijasalimia.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni huku unaishi? Na jua?"

"Huku tunaheshimiana nalo."

Shangazi alikuwa amezama kwenye kupigania bei na mke wake. Tukasimama hapo. Nilikuwa na mzaha tayari kuhusu viazi, nikaufungulia mdomo, na kilichotoka ni kingine.

"Mwalimu, ni mimi niliyeosha ile sufuria. Kwa nje. Mimi na Mama."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Upande mmoja ulisuguliwa na mtu anayejua kazi. Ule mwingine ulikuwa wako."

"Kwa nini hukusema?"

Alichukua kiazi kimoja kwenye gunia, akakigeuza, akakirudisha. "Yule mgeni alikuwa ametoka tu kumsifu. Mbele ya watu waliotaka kumfukuza. Ningesema nini? Kwamba sufuria wanayoipigia makofi ndiyo imeharibu kazi? Wangempigia kura wakiwa na chai baridi mkononi. Na kosa lilikuwa kweli langu. Niliweka upepo, nikaweka mawingu, vumbi, hata urefu wa mlima. Sikumweleza mpishi sufuria ni nyeusi kwa nini."

"Lakini bado anapika kwa kuni. Juzi alikohoa mpaka akaketi chini. Walimpeleka kliniki na gari ya shule."

Hilo hakuwa amelisikia. Nililiona likimfika.

"Mkataba ameupata," nikasema, "na moshi ameupata. Sasa ulifanya vizuri ama vibaya?"

Nilingoja. Mtu huyu aliwahi kunipigia hesabu ya joto linalotoka mdomoni mwangu nikipiga kelele kwa saa moja. Hii isingemshinda.

"Sijui," akasema. "Nimeirudia tangu siku hiyo. Haitoki."

Ukungu ulikuwa unatuingia shingoni. Nikajikuta nasema tukamwambie. Nani, akauliza. Mama, nikasema, na mwalimu mkuu, na huyo Mwenyekiti, dishi bado liko nyuma ya bohari, rangi ya ubao si ni ya bure, na mimi nitasema mbele yao niliosha mimi, wanifukuze wakitaka. Nilisema haraka sana hivi kwamba nilisahau kuogopa, na nilipokumbuka nilikuwa nimeshamaliza.

"Uanze na Mama," akasema Mwalimu. "Asije akasikia hayo kutoka ofisini."

"Nitaanza na yeye."

"Anaishi wapi siku hizi?"

"Langas. Palepale."

Alitazama gari tulilokuja nalo kubeba viazi, akatazama lango lake. "Ngoja," akasema. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na madaftari matatu yamefungwa kwa mpira wa baiskeli. Alimwambia mke wake kitu, mke akamwuliza atarudi lini, akasema hajui. Kisha akapanda nyuma juu ya magunia, mzee mzima, nami nikapanda nikakaa mkabala naye.

Shangazi, ambaye nilishamsimulia hadithi yote ya sufuria, alizunguka kufunga turubai, akamkuta. "Na huyu mzee anaenda wapi?"

"Kwa Mama Jikoni," nikasema.

"Kufanya nini? Kuomba msamaha ama kutengeneza jiko?"

Nilimtazama Mwalimu. Naye alikuwa ananitazama mimi, kwa mara ya kwanza kama mtu anayengoja kuonyeshwa jibu.

"Atatuambia Mama mwenyewe," akasema.